AC ya gari la zamani inapuliza upepo hafifu? Kagua haya kabla ya kujaza gesi

Asubuhi ya mvua Nshamba, wilayani Muleba, gari lenye abiria watano likifunga vioo, kioo cha mbele huanza kuweka ukungu kabla halijafika mbali. Dereva anawasha AC, anazungusha swichi ya feni hadi mwisho, lakini upepo unaotoka ni kama wa mtu anayepuliza chai. Anachukua kitambaa, anafuta kioo kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani. Mbele yake ni mteremko, kona na bodaboda.

Wengi wakifika hapo husema, "gesi imeisha." Gari linapelekwa gereji, gesi inajazwa, pesa inalipwa, na upepo unabaki vilevile. Sababu ni moja: gesi haipulizi upepo. Gesi inaleta ubaridi tu. Upepo unaletwa na feni iliyo ndani ya dashibodi, na upepo huo ukiwa hafifu, tatizo liko kwenye feni, kwenye umeme wake, au kwenye njia unakopita.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya ukaguzi huu haihitaji mashine. Inahitaji masikio, kiganja, bisibisi na tochi ya simu.

Kwa nini AC ina kazi hata sehemu za baridi

Kuna wanaosema Muleba na Bukoba hakuna joto la kuhitaji AC, hiyo ni ya watu wa Dar es Salaam. Ni kweli hali ya hewa ya Kagera ni ya wastani. Lakini AC haipoozi tu, inakausha hewa pia.

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi ambacho miji mingi ya Tanzania haikifikii. Masika ni Machi hadi Mei, na mvua hurudi kati ya Septemba na Desemba. Abiria wanapoingia na nguo zilizolowa, unyevu wao na pumzi zao huganda kwenye kioo chenye baridi. Hewa ikipita kwenye AC, unyevu huo hugeuka maji na kudondoka chini ya gari. Hewa inayorudi ndani ni kavu, na kioo kinasafika ndani ya muda mfupi.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, kazi ya AC hubadilika. Barabara za vijijini zinatoa vumbi jekundu, na gari likifuata lori, vioo lazima vifungwe. Bila upepo wa kutosha, watu watano kwenye Probox wanakaa kama wako ndani ya chungu.

Kwa dereva anayeishi kwa nauli, huo ni usumbufu wa abiria. Kwa anayempeleka mgonjwa Rubya usiku wa mvua, ni suala la kuona au kutoona barabara.

Kwanza: ni upepo au ni ubaridi?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi huliruka. Gari liwashwe, AC izimwe, feni iwekwe kasi ya mwisho, na upepo uelekezwe usoni. Mwenye gari apitishe kiganja kwenye matundu yote, moja baada ya jingine.

Upepo ukiwa na nguvu lakini si wa baridi AC ikiwashwa, basi hilo ni tatizo la ubaridi: gesi, kompresa, kondensa au feni ya rejeta. Hapo fundi wa AC anahitajika.

Upepo ukiwa hafifu hata AC ikiwa imezimwa, gesi haihusiki. Ukaguzi uendelee na orodha ifuatayo.

Upepo ukianza vizuri, kisha ukapungua baada ya nusu saa ya safari AC ikiwa imewashwa, hilo ni jambo la tatu, na lina maelezo yake huko chini.

Dalili inavyosema

Kabla ya kufungua chochote, dalili zenyewe huelekeza pa kuanzia:

• Feni haizunguki kabisa: fyuzi, rilei, swichi, waya au mota yenyewe.

• Feni inafanya kazi kasi ya mwisho tu, namba 1 hadi 3 zimekufa: resista imeungua.

• Feni inanguruma kwa nguvu lakini upepo ni mdogo: chujio au evaporeta imeziba, au kuna kitu kwenye njia ya hewa.

• Feni inasikika imechoka, haipandi kasi: umeme haufiki vizuri, au kaboni za mota zimelika.

• Upepo unatoka miguuni au kwenye kioo tu, hauji usoni: vilango vya ndani vimekwama.

• Tundu moja lina nguvu, jingine halina: bomba la hewa nyuma ya dashibodi limechomoka.

• Maji yanadondoka miguuni kwa abiria wa mbele: mpira wa kutolea maji umeziba.

Ukaguzi wa 1: chujio la hewa ya ndani

Chujio hili ni tofauti na lile la injini. Kazi yake ni kusafisha hewa wanayovuta watu ndani ya gari. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 liko nyuma ya sanduku la dashibodi upande wa abiria. Sanduku likifunguliwa na kubanwa pande zake mbili, hushuka, na kifuniko chembamba cha plastiki huonekana. Chujio linavutwa kama droo.

Gari linalopita barabara za vumbi, chujio ambalo halijabadilishwa kwa miaka miwili hutoka likiwa na rangi ya matofali. Ndani yake hukutwa majani makavu, mabawa ya wadudu na wakati mwingine kiota cha panya. Magari yanayolala karibu na migomba au stoo ya kahawa yapo kwenye hatari zaidi. Panya hupenda sehemu yenye joto na giza, na sanduku la feni lina vyote viwili.

Jaribio ni rahisi. Chujio litolewe, kifuniko kirudishwe, feni iwashwe. Upepo ukirudi na nguvu zake, tatizo limepatikana. Linunuliwe chujio jipya, lifungwe huku mshale ulio pembeni ukifuata mwelekeo wa hewa.

Viwanda vingi hutaja kilomita 15,000 hadi 20,000, au mwaka mmoja, kama muda wa kubadilisha. Hizo ni hesabu za barabara za lami. Kwa gari la njia za vumbi, kulikagua kila mwanzo na mwisho wa kiangazi ni busara.

Mambo mawili ya kuepuka hapa. La kwanza ni kuosha chujio la karatasi kwa maji. Likilowa linalegea, na likikauka halipitishi hewa kama mwanzo. Kama duka la spea liko mbali, linaweza kupulizwa kwa upepo wa kompresa kutoka upande msafi kwenda upande mchafu, lakini hiyo ni ya kusogeza siku tu.

La pili ni kuendesha bila chujio moja kwa moja kwa sababu "upepo unakuja vizuri hivi." Unakuja, ndiyo, lakini pamoja na vumbi. Vumbi hilo linakutana na maji kwenye evaporeta na kuwa matope. Baada ya msimu mmoja au miwili, tatizo linarudi likiwa mahali pagumu zaidi kufikika.

Baadhi ya magari ya zamani, hasa ya miaka ya 1990 na matoleo ya bei nafuu, hayakufungwa chujio kabisa kiwandani. Mengine yana nafasi yake lakini haina kitu ndani. Mwenye gari la namna hiyo aruke moja kwa moja hadi kwenye evaporeta.

Ukaguzi wa 2: hewa ya nje na ya ndani

Kila gari lina kitufe cha kuchagua hewa itoke nje au izunguke humo humo ndani. Kitufe hiki kinasaidia kutafuta tatizo.

Feni iwe kasi ya mwisho. Kitufe kiwekwe hewa ya ndani, kisha hewa ya nje. Kama upepo una nguvu kwenye hewa ya ndani na kufa kwenye hewa ya nje, kizuizi kiko kwenye mlango wa nje, chini ya waipa, pale boneti inapokutana na kioo. Majani ya mwembe au mparachichi hujaa hapo gari likilala chini ya mti. Msimu wa senene, kuanzia Novemba, gari lililoegeshwa chini ya taa huweza kuamka na mzigo wa wadudu hapo hapo.

Sehemu hiyo ifunguliwe na isafishwe kwa mkono. Isisukumwe kwa maji mengi, maana uchafu utaingia ndani zaidi, na maji yanaweza kufika kwenye mota ya feni.

Kama upepo ni hafifu pande zote mbili, kizuizi kiko mbele zaidi: chujio, feni au evaporeta.

Kama kubadili kitufe hakuleti tofauti yoyote, hata ya sauti, huenda kilango chenyewe kimekwama.

Ukaguzi wa 3: fyuzi, resista na waya

Feni ya ndani inakula umeme mwingi. Ikiwa kasi ya juu inaweza kuvuta ampea 15 hadi 20, na hapo ndipo magari ya zamani hukwama.

Fyuzi yake kwa kawaida ni kubwa, na kasha la fyuzi huwa na mchoro kwenye kifuniko. Ikiwa imeungua, ibadilishwe kwa ampea zilezile. Kuweka kubwa zaidi, au kuunga kienyeji kwa kipande cha waya, ni kukaribisha moto ndani ya dashibodi. Fyuzi mpya ikiungua tena siku hiyo hiyo, tatizo haliko kwenye fyuzi. Kuna waya unaogusa bodi au mota inayovuta umeme kupita kiasi.

Resista ndiyo inayopunguza kasi kwa namba za chini. Kwenye namba ya mwisho umeme huipita pembeni na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Ndiyo maana ikiungua, feni hubaki na kasi moja tu, ya juu kabisa. Ni kifaa kidogo, hufungwa kwa skrubu mbili karibu na feni, na bei yake ni ndogo kuliko ya mota.

Lakini resista haifi bure. Hupoozwa na upepo wa feni hiyo hiyo. Chujio likiziba, upepo unapungua, resista inachemka na kuungua. Mota ikichoka, inavuta umeme mwingi na resista inaungua. Anayebadilisha resista bila kuangalia chujio na mota atainunua tena.

Soketi ya resista nayo iangaliwe. Ikiwa imeyeyuka, imegeuka kahawia au inatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikatwe na iungwe mpya yenye waya wa unene uleule.

Magari yenye AC inayojiendesha yenyewe, ile ya kuchagua nyuzi joto kwenye kioo kidogo, mara nyingi hayatumii resista ya kawaida. Yanatumia kifaa cha kielektroniki, na ukaguzi wake uachiwe fundi umeme.

Ukaguzi wa 4: mota ya feni yenyewe

Mota hukaa chini ya dashibodi upande wa abiria, imeshikwa na skrubu tatu kwenye magari mengi. Juu yake kuna gurudumu la plastiki lenye mapezi mengi, mfano wa ngome ya panya.

Dalili ya kaboni kuisha ni feni inayogoma kuwaka mpaka sanduku lake ligongwe kwa kiganja. Ikigongwa inaamka, kesho inagoma tena. Dalili ya bushi kuchoka ni kelele ya kulia, hasa asubuhi.

Fundi mwenye maltimita anaweza kumaliza ubishi kwa dakika tano. Injini ikiwa imewashwa na feni kasi ya mwisho, apime umeme kwenye soketi ya mota. Ukiwa karibu na volti 13 hadi 14 na mota inazunguka kivivu, mota imechoka. Ukiwa volti 10 tu, mota haina kosa. Umeme unapotea njiani: kwenye swichi, rilei, soketi yenye kutu au waya wa bodi uliolegea. Na kama betri yenyewe inasoma chini huku injini inaunguruma, alteneta ikaguliwe kwanza.

Kuna kosa moja ambalo huwasumbua watu baada ya kufunga mota ya mtumba. Nyaya mbili zikigeuzwa, mota inazunguka kinyume. Feni za aina hii zikizunguka kinyume bado zinapuliza kwenda mbele, lakini kwa nguvu ndogo na kelele nyingi. Mwenye gari anaambiwa "mota ni nzima, inazunguka," kumbe inazunguka vibaya. Kama upepo ulipungua baada ya mota kubadilishwa, hilo ndilo la kuangalia kabla ya jingine lolote.

Pia gurudumu lenyewe linaweza kuwa limepasuka au kulegea kwenye mhimili. Mota inazunguka, gurudumu linateleza.

Ukaguzi wa 5: evaporeta iliyovaa matope

Kama chujio ni safi, mota ina nguvu, na feni inanguruma bila upepo, mshukiwa ni evaporeta. Hiki ndicho kifaa chenye mapezi membamba ambapo hewa hupoa. Kwa kuwa hulowa kila AC inapowaka, vumbi lolote linalofika hapo linashika. Nywele, nyuzi za mazulia na unga wa majani hutengeneza blanketi mbele yake.

Dalili nyingine ni harufu ya nguo iliyokaa na unyevu, hasa dakika za kwanza baada ya kuwasha.

Hakuna haja ya kung'oa dashibodi ili kuiona. Resista ikitolewa, au mota ikishushwa, hubaki tundu. Simu yenye tochi ikiingizwa hapo ikapiga picha au video, uso wa evaporeta huonekana kwenye magari mengi.

Uchafu mwepesi unaweza kuondolewa kwa brashi laini, kisha povu maalumu la kusafishia evaporeta, na maji kidogo ya kusuuza. Betri iwe imetolewa waya wa hasi wakati wa kazi hiyo. Mashine ya kuoshea magari isitumike, maana mapezi yale ni laini na yakilala hewa haipiti tena. Petroli na dawa kali zisiguse hapo. Petroli ndani ya dashibodi yenye umeme ni hatari ya moto, na harufu yake ataivuta kila anayepanda.

Matope yakiwa mazito, evaporeta inabidi itolewe. Hapo lazima gesi iondolewe kwa mashine na irudishwe baadaye, na kazi ni ya fundi wa AC.

Mpira wa kutolea maji nao ukaguliwe. Uko upande wa injini, unaning'inia chini ya ukuta unaotenga injini na abiria. AC ikiwaka kwa dakika 15 siku yenye unyevu, maji yanapaswa kudondoka chini ya gari. Yasipodondoka, na zulia la abiria limelowa, mpira umeziba. Huzibuliwa taratibu kwa waya laini au upepo mdogo.

Ukaguzi wa 6: vilango, sponji na mabomba

Ndani ya dashibodi kuna vilango vinavyoelekeza upepo: usoni, miguuni au kwenye kioo. Kwenye magari ya zamani zaidi vinavutwa kwa kebo; kwenye mengine vina mota ndogo. Kebo ikichomoka, kitasa kinazunguka bila uzito wowote. Mota ndogo ikivunjika meno, husikika mlio wa tik-tik-tik nyuma ya dashibodi.

Vilango hivyo vimebandikwa sponji ili vizibe vizuri. Baada ya miaka 15 hadi 20 sponji huoza. Vipande vyeusi vidogo vikianza kutoka kwenye matundu na kuangukia mapaja ya abiria, sponji inakatika. Hewa inavuja pembeni, na sehemu yake inaishia miguuni badala ya usoni.

Mwisho, kama redio ilibadilishwa siku za karibuni, bomba la hewa linaweza kuwa limeachwa wazi nyuma yake. Mkono ukipitishwa chini ya dashibodi na kukuta upepo mkali huko, jibu limepatikana.

Upepo unaokufa safarini: barafu

Hali hii huwachanganya wengi. Gari linatoka Bukoba upepo ukiwa mzuri. Baada ya nusu saa upepo umepungua, ingawa feni inanguruma. Dereva anazima AC kwa dakika 15, maji mengi yanamwagika chini, kisha upepo unarudi.

Hiyo ni barafu. Evaporeta imeganda na kuziba njia ya hewa. Sababu kubwa ni tatu: chujio au evaporeta chafu inayopitisha hewa kidogo, kipima joto kilichokufa, ambacho kilitakiwa kuisimamisha kompresa kabla ya barafu, au gesi iliyopungua kwa kuvuja.

Hapa ndipo gesi inapoweza kuhusika na upepo, na hapa tu. Lakini hata hapo mpango ni uleule: kuanza na chujio, kisha kipima joto, kisha kutafuta panapovuja. Gesi haiishi kama mafuta. Mfumo umefungwa, hivyo ikipungua sana kuna sehemu inavuja, na kujaza bila kuziba ni kuinunua mara ya pili.

Gesi: yasiyofaa kujaribiwa nyumbani

Magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hutumia gesi ya R-134a. Ilichukua nafasi ya R-12, iliyoondolewa kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Gari la kabla ya hapo halifai kujazwa R-134a kabla ya fundi kulibadilisha kwa ajili hiyo. Kibandiko chini ya boneti mara nyingi hutaja aina na kiasi cha gesi.

Mrija wa AC usifunguliwe kwa spana ya nyumbani. Gesi ikitoka kwa kasi inagandisha ngozi na inaweza kuharibu macho. Gesi ya kupikia isiingizwe kwenye AC kwa namna yoyote. Inawaka, na ikivuja kwenye evaporeta inaingia walipo abiria.

Tahadhari kabla ya kufungua dashibodi

Magari mengi ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 yana mfuko wa hewa upande wa abiria, juu kidogo ya mahali chujio lilipo. Kutoa chujio hakuugusi. Lakini anayefungua zaidi ya hapo atoe waya wa hasi wa betri na asubiri angalau dakika mbili. Soketi na nyaya za rangi ya njano kwa kawaida ni za mfuko huo, zisichezewe.

Funguo itolewe wakati mkono uko kwenye sanduku la feni. Kama kuna kinyesi cha panya, ni vizuri kuvaa glavu na kufunika pua, na kulowesha uchafu kwanza badala ya kuupuliza.

Mpangilio wa kukagua, kwa ufupi

Kutoka kisichogharimu hadi kinachogharimu:

1. Pima upepo AC ikiwa imezimwa.
2. Badilisha kati ya hewa ya nje na ya ndani.
3. Toa chujio, jaribu bila hilo.
4. Safisha chini ya waipa.
5. Jaribu kasi zote za feni, moja moja.
6. Kagua fyuzi, resista na soketi zake.
7. Pima volti kwenye mota.
8. Angalia evaporeta kwa kamera ya simu.
9. Kagua vilango na mabomba.
10. Mwisho kabisa, ubaridi na gesi.

Ukienda kwa fundi, sema nini

Maelezo mazuri hupunguza gharama. Anayefika gereji na kusema "AC mbovu, angalia gesi" amejichagulia tiba kabla ya vipimo. Aliyefanya ukaguzi huu anaweza kusema: "Fundi, feni inafanya kazi namba nne tu," au "chujio nimetoa, upepo bado mdogo, ila kwenye hewa ya ndani unaongezeka." Fundi mzuri akisikia hivyo anajua pa kuanzia.

Si vibaya pia kuomba kuona kifaa cha zamani kilichotolewa, na vipimo vya volti kabla ya kununua mota. Kwa anayelazimika kuagiza spea Bukoba, Mwanza au Kariakoo, kukosea kifaa kimoja ni siku kadhaa gari likiwa limesimama. Kifaa cha zamani kipigwe picha pande zote, pamoja na soketi yake na namba zilizoandikwa, kabla ya kuagiza.

Ukungu ukianza kabla gari halijatengenezwa

Wakati matengenezo yanasubiri, kuna njia ya kutumia upepo mdogo uliopo. Upepo wote uelekezwe kwenye kioo cha mbele. Hewa iwe ya nje, si ya ndani, kwa kuwa hewa inayozunguka ndani inabeba pumzi za abiria. AC iwashwe pamoja na joto kidogo. Wengi hudhani viwili hivyo haviendi pamoja, lakini ndivyo vinavyokausha kioo haraka: AC inatoa unyevu, joto linapasha kioo.

Vioo vya pembeni vifunguliwe kidogo. Kioo cha mbele kisafishwe ndani mara kwa mara, maana mafuta na vumbi hushika ukungu zaidi.

Ukungu ukiwa upande wa nje wa kioo, hiyo ni kazi ya waipa. Hewa inayopiga kioo ni ya baridi mno, iongezwe joto.

Na kama haonekani aliye mbele, dereva atafute sehemu salama pembeni ya barabara, asimame mpaka kioo kisafike. Abiria watalalamika kidogo kuhusu kuchelewa, lakini watafika.